Mkono wa Mzee Bimenyimana

Kilima kizima cha Mururu kilijua kwamba Mzee Bimenyimana hampi Uwingabire mkono. Hali hiyo ilikuwa imedumu miaka miwili, na pande zote ziliiheshimu kama mkataba wa mataifa.

Pengine kwingineko watu wangecheka. Lakini huku, mtu akikutana na jirani njiani anamshika mkono, haachii, anauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za ng'ombe, kisha anarudia za nyumbani kana kwamba kuna kilichobadilika tangu alipouliza mwanzo. Anayenyimwa mkono amehukumiwa, na hukumu hiyo haina rufaa.

Kosa lenyewe lilikuwa la tawi. Juu ya shamba la Uwingabire ulisimama mkaratusi uliopandwa na baba mkwe wake, mti mrefu kupita kiasi, na chini yake, pale mteremko unapokatika, ilikuwa nyumba ya Mzee Bimenyimana. Usiku mmoja wa upepo tawi lilishuka likatoboa bati lake. Uwingabire, mama wa Vanessa, ni fundi cherehani katika soko la Kamembe, na wiki ile alikuwa amezama katika nguo za harusi ya watu. Alipopata nafasi ya kwenda kutoa pole, mzee alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamjibu kwamba pole ikilala inakuwa kama ugali wa jana, akafunga mlango. Tangu siku hiyo, akimwona anakuja njiani, alifunga mikono nyuma ya mgongo na kupita taratibu, kidevu juu, kama mkuu wa shule anayekagua bweni. Kwenye mazishi ya mwalimu mmoja wa kule juu, alisalimia mstari mzima wa wafiwa na majirani, mmoja mmoja, akafika kwa Uwingabire, akamruka, akashika mkono wa aliyefuata. Mkono wa Uwingabire ulibaki hewani. Watu waliuona. Watu wa Mururu hawakosi kitu cha namna hiyo.

Halafu mvua za mwaka huu zikaja bila adabu. Udongo ukalowa, ukalainika, na asubuhi moja Uwingabire akakuta ufa kwenye shina la mkaratusi, karibu na mizizi, na mti wenyewe umeinama kuelekea chini, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Upepo ukipita, shina lililia. Alianza kulala akiwa amekaa. Hakuwa akiwaza bati tena. Ndani ya nyumba ile alikuwemo Mama Nyirabahire, mke wa mzee, mwenye mguu usiomruhusu kukimbia hata akifukuzwa na nyuki. Mti ukimwangukia yule mama, hakutakuwa tena na mkono wa kungojea, wala na uso wa kupita nao njiani.

Mume wake alikuwa kazini Bugarama, kwenye kiwanda cha saruji. Kwa simu alimwambia atafute watu wa kazi hiyo, tena wanaoijua, si wale wanaopanda mti kwa panga na sala. Kibali cha kukata kilipopatikana, Uwingabire aliwapata watu wenyewe kupitia kibao kilichopigiliwa msumari karibu na kituo cha magari Kamembe: TUNAKATA, TUNAPUNGUZA, TUNASAFISHA.

Nyuma ya kibao hicho kulikuwa na watu wawili. Mmoja aliitwa Gratien, mtu wa Gitambi, mwembamba, asiyependa maneno. Mwingine aliitwa Buhendwa, mtu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, aliyevuka daraja la Rusizi ya Pili kila asubuhi na kamba yake nene begani, na ambaye alipenda maneno kwa niaba ya wote wawili. Gratien aliuzunguka mti, akaugonga kwa ngumi, akaingiza mkono kwenye ufa mpaka kiwikoni, akautoa na kuufuta kwenye suruali. Akasema watakuja kesho, na kama upepo ukija kabla yao, asisumbuke kuwapigia simu.

Buhendwa ndiye aliyeeleza utaratibu. Mti umeinama upande wa nyumba, na wao wanataka ulale upande wa migomba. Kwa hiyo Gratien atapanda kwanza, apunguze matawi, afunge kamba juu kabisa, kisha ashuke na kukata chini kwa msumeno wa mashine. Wakati anakata, lazima kamba ivutwe kutoka juu ya mteremko, upande wa migomba, bila kulegea hata kidogo. Gari la kufungia halifiki, kisiki hakuna, na mgomba ukiufunga kamba utakuja nao. Kwa hiyo kamba itashikwa na watu. Watu hao ni juu ya mwenye mti.

Kupata watu hakukuwa shida. Akaja Mugabo, motari, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyeiacha barabarani. Wakaja vijana wawili wapagazi wa sokoni. Akaja Mukundwa, anayevusha kreti za nyanya mpakani na mwenye mabega ambayo hata askari wa forodha huyaheshimu. Na Ridhwani, mshona viatu wa Kamembe, jirani mwenye mwili mkubwa na roho laini, ambaye katika miaka yote miwili ndiye aliyebeba maneno kati ya nyumba hizo mbili.

Asubuhi ile alibeba ujumbe wa mwisho: Mzee na Mama waombwe kutoka ndani mpaka kazi iishe. Alirudi akifuta jasho. Mama Nyirabahire amesema ana maharage jikoni. Na Mzee amesema hawezi kuhamishwa kwake na mti ambao hata siku moja haujamsalimu.

Buhendwa alitazama ziwa lililoonekana kutoka kilimani. Upande wa kisiwa cha Idjwi mawingu yalikuwa yameanza kujazana. Akamtazama Gratien, aliyekuwa ameshashuka na sasa anajaza mafuta kwenye msumeno. Gratien akatikisa kichwa: hakuna kungoja.

"Basi haitaanguka kule," Buhendwa akasema. "Ni ivyo tu."

Akawapanga kwenye kamba. Mbele kabisa, karibu na mti, Uwingabire, kwa kuwa mti ni wake na alikataa kukaa pembeni. Nyuma yake Mugabo, kisha wale vijana wawili, kisha Mukundwa. Mkiani, Ridhwani, ambaye Buhendwa alimzungushia kamba kiunoni na kumkagua kwa kuridhika kama mtu aliyepata mwamba wa bure. Halafu akatoa hotuba.

"Simu zote zikuwe mu beseni. Hakuna sigara, hakuna kicheko, hakuna kwenda kukojoa. Muntu akiwashwa mugongo, awashwe, hajakufa. Banyuki bakikuja, mubaache bakule. Kamba ikilegea kidogo tu, huu muti unaenda kulala ku kitanda ya ule mzee. Tumesikilizana?"

Wakasema wamesikilizana. Beseni likajaa simu. Buhendwa alikuwa amekataza kila jambo ambalo lilikuwa limewahi kumharibia kazi ng'ambo na hapa, na orodha yake ilikuwa ndefu na ya haki. Kuna jambo moja tu ambalo hakulikataza, kwa sababu halikuingia kichwani mwake kwamba linaweza kukatazwa.

Akachukua kitambaa chake chekundu, akaenda kusimama mbele ya Gratien, akawapa mgongo wavutaji. Msumeno ukanguruma. Kuanzia hapo hakuna aliyemsikia mwenzake.

Kitambaa kikapanda. Wakavuta. Kamba ikakaza mpaka ikatoa maji, na Uwingabire akauhisi mti wote mikononi mwake, kila mtikisiko wa msumeno ukipita kwenye nyuzi na kuingia kwenye mifupa ya vidole. Kule juu kilele kilicheza kidogo, kikatulia. Chini ya mteremko aliona bati la mzee, kiraka chake kipya kikimeremeta kati ya mabati yaliyopata kutu, na moshi wa maharage ukipanda. Aliuangalia ule moshi. Akajiambia kwamba mradi unapanda, yule mama yuko hai, na kwamba yeye kazi yake ni kushika.

Vumbi la mbao likaanza kuruka. Gratien alikuwa ameshamaliza kukata pengo la upande wa migomba, sasa amezunguka upande wa pili. Buhendwa akainua kitambaa juu zaidi: kazeni.

Hapo ndipo kamba ilipokuwa nzito.

Haikuwa nzito ghafla. Ilikuwa kama ndoo inayojaa ukiwa umeishika. Uwingabire akadhani ni mti unaosogea. Akakita visigino. Uzito ukazidi. Akageuza shingo atazame nyuma.

Mzee Bimenyimana alikuwa amekuja kusalimu.

Baadaye ilijulikana kwamba Mama Nyirabahire, akikoroga maharage yake, alimwambia mumewe kwamba watu wale juu wanatoa jasho kwa ajili ya bati lao, na kwamba mwanaume anayekaa ndani wakati watu wanamfanyia kazi atakuwa yeye ndiye amekosa adabu, si mwenye mti. Mzee alikaa akalifikiria hilo. Kisha akavaa koti lake la Jumapili na kofia yake, akachukua fimbo, akapitia njia ya juu, ili asionekane anapanda kwa haraka. Akatokea mkiani mwa kamba.

Na Ridhwani alipomwona, koti limefungwa vifungo vyote, mkono umenyooshwa, alielewa kwamba miaka miwili imeisha na kwamba yeye ndiye wa kwanza kushuhudia. Angefanyaje? Mzee hasalimiwi kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia unatolewa, wa kushoto unashika mkono huo huo wa kulia juu ya kiganja, na kichwa kinainama. Wala mzee hasalimiwi na mtu aliyefungwa kiunoni kama mbuzi. Ridhwani akajifungua kamba, akaiweka chini vizuri, akatoa mikono yote miwili.

Mzee alimshika, akamuuliza za nyumbani. Akamuuliza za watoto. Midomo yao ilienda bila sauti, msumeno ukiwa umemeza kila kitu. Kisha akasogea kwa Mukundwa. Mukundwa, ambaye huvuta kreti mbili bila kubadili uso, alitazama kamba, akamtazama mzee, akaachia. Ridhwani hakurudi kwenye kamba. Alibaki amesimama nyuma ya mzee kwa heshima, mikono imekutana tumboni, kwa sababu humpi mgongo mtu mzima aliyekusalimu sasa hivi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Uwingabire akapiga kelele. Hakujisikia hata mwenyewe. Akamtazama Buhendwa: mgongo, na kitambaa juu. Akautazama mti: ufa ulikuwa unafunguka na kujifunga kama mdomo wa samaki.

Mzee alifika kwa wapagazi. Wa kwanza akaachia, mikono miwili, kichwa chini. Wa pili, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kujifunza, aliachia kabla hajafikiwa ili awe tayari. Kamba ikateleza viganjani mwa Uwingabire, kidogo tu, kama upana wa vidole, lakini ilipita na ngozi. Kilele cha mkaratusi kikasogea kuelekea chini. Nyuma yake alibaki Mugabo peke yake, na Mugabo alikuwa ameshaanza kufuta mkono mmoja kwenye koti lake la motari.

Uwingabire akamkanyaga mguu. Mugabo alimtazama kwa uchungu wa mtu aliyezuiwa kwenda haja ya lazima. Alibaki na mkono mmoja kwenye kamba na mwingine mbele, na mzee, kwa ukarimu, akaukubali huo mmoja, akauliza za nyumbani.

Kisha akasogea hatua moja, akawa mbele ya Uwingabire.

Alikuwa mzee kuliko alivyomkumbuka. Kwa miaka miwili alikuwa amemwona kwa ubavu tu. Akavua kofia, jambo ambalo hakumvulia mtu mwingine yeyote kwenye ile kamba, akaiweka kwapani pamoja na fimbo, akanyoosha mkono. Mkono mkavu, wenye mishipa, uliopakwa mafuta. Alikuwa ameupaka mafuta kwa ajili ya siku hiyo.

Uwingabire alikuwa ameuota mkono huo. Alikuwa ameuota akiwa anashona, akiwa anapita njiani, akiwa kanisani wakati wa kutakiana amani, mzee akiwa benchi la mbele bila kugeuka. Na sasa kila mtu nyuma alikuwa anautazama: Ridhwani, Mukundwa, wapagazi, hata Mugabo. Akiukataa leo, mbele ya watu hawa, hakuna atakayekumbuka tawi wala bati. Watakumbuka kwamba mzee alivua kofia na yule mwanamke akamnyima. Wajukuu wa wajukuu wataambiwa.

Akatikisa kichwa.

"Papa, siwezi," akasema. Akarudia kwa nguvu. "Papa, mkono wako siushiki."

Mzee, kama alisikia au hakusikia, aliona. Uso wake ukajifunga kama duka. Mkono ulikaa hewani muda mfupi, kisha ukashuka, ukaenda nyuma ya mgongo, na wa pili ukaufuata. Nyuma, Ridhwani alikuwa amejishika kichwa. Mukundwa aliinama karibu na sikio la Uwingabire, akapiga kelele juu ya msumeno:

"Maman Vanessa, unatufanya nini? Mpe mkono mzee!"

"Shikeni kamba!"

Mugabo, kwa aibu ya kilichotokea, alikuwa ameachia na mkono wa pili.

Kamba ikaondoka. Ilimvuta Uwingabire mbele, akaanguka kwa makalio kwenye tope, akaburutika, visigino vikichimba mifereji miwili, na hakuachia. Kutoka kule chini ilikuja sauti iliyopita hata msumeno, sauti kavu, ya shina linalokubali. Msumeno ukazimika. Buhendwa akageuka, na pale alipotarajia kuona watu sita wakivuta, aliona watano wamesimama wima wamekutanisha mikono kama wageni waalikwa, na mmoja ameketi topeni. Alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu avuke daraja siku hiyo, maneno hayakuja.

Katika ukimya ule mzee aligeuza kichwa kutazama kile ambacho Uwingabire alikuwa anakitazama.

Hakuwa amewahi kuitazama nyumba yake kutoka hapa. Mtu haendi kusimama kwenye shamba la watu asiowasalimia. Aliiona ilivyo ndogo. Aliona kiraka cha bati, na moshi, na juu yake mkaratusi mzima ukiwa umening'inia kwenye uzi mmoja, na uzi huo ukiishia kwenye ngumi mbili za mwanamke aliyekaa topeni. Mlango wa jikoni ukafunguka, mkewe akatokea na mwiko mkononi, akajikinga jua machoni, akatazama juu kuona kwa nini kelele zimekwisha.

Mzee Bimenyimana akatupa fimbo. Kofia ikaanguka yenyewe. Akapita mbele ya Uwingabire, akaikamata kamba kati yake na mti, kwa mikono ile miwili yenye mafuta, akajitupa nyuma kwa uzito wote wa koti lake la Jumapili. Mafuta yakamsaliti, mikono ikateleza, akaizungusha kamba kwenye kiwiko.

"Mnangoja kusalimiwa tena?" akawauliza wale wengine.

Wakaikamata. Wote kwa pamoja, Ridhwani akiikumbatia kamba kama ndugu aliyerudi, Mukundwa akinguruma. Buhendwa akapata sauti yake, akaanza kuhesabu mivuto kwa Kiswahili, Kimashi cha kwao na Kifaransa, akitukana katikati. Kamba ikarudi kiganja kimoja. Ikarudi kingine. Gratien, ambaye hakuwa amesema neno wala kuondoka mahali pake, akavuta uzi wa msumeno, ukakataa, akavuta tena, ukawaka. Akauzamisha kwenye shina.

Mkaratusi ulisimama wima kwa kitambo, kama unaochagua. Kisha ukaja upande wao.

Buhendwa akawapigia kelele wakimbie, na wakakimbia, isipokuwa Uwingabire, ambaye alikuwa bado topeni, visigino vimezama; mzee alimshika kola ya nyuma na kumburuta kando kama gunia. Ardhi ikaruka. Majani, gome na migomba vikapanda angani na kushuka taratibu. Vilipotulia, shina lilikuwa limelala katikati ya shamba, na chini yake, mahali fulani, zilikuwa kofia na fimbo ya Mzee Bimenyimana. Kule chini nyumba ilikuwa pale pale. Mama Nyirabahire aliwaangalia kwa muda, akapunga mwiko mara moja, akarudi kwa maharage yake.

Ridhwani alifungua mdomo, Mukundwa akamfinya.

Uwingabire alikuwa bado ameketi, mikononi kipande cha kamba kilichokatika mti ulipoanguka. Alijaribu kukiachia. Vidole vilikataa. Vilikuwa vimejikunja na kukauka hapo, damu na tope vimevigandisha, na hakuna alichoweza kuviambia vikamsikia. Akamtazama mzee, na alijua kwamba mtu mdogo haanzi kutoa mkono, na hata angethubutu, hakuwa na mkono wa kutoa.

Mzee alipiga magoti. Koti lake lilikuwa limechanika begani. Aliushika mkono wa kulia wa Uwingabire, ngumi nzima na kamba yake, akaanza kukifungua kidole cha mwisho, taratibu, kama mtu anayemenya kitu kinachoweza kuvunjika.

"Habari za nyumbani?" akauliza, bila kuinua macho.

"Salama, Papa."

"Mumeo?"

"Yuko Bugarama. Salama."

Kidole kilichofuata. Kilipotoka kwenye kamba alipiga kelele ndogo, na mzee akangoja iishe.

"Vanessa anasoma vizuri?"

"Anasoma, Papa."

"Na cherehani?"

Nyuma yao Buhendwa alikuwa anakunja kamba iliyobaki begani, akimweleza Mugabo kwa uchungu kwamba kesho, kabla ya sigara na kabla ya mukojo, kitu ya kwanza atakataza ni ile yao ya kushikana-shikana mikono. Gratien alishaanza kukata matawi. Mvua ikadondosha matone yake ya kwanza kwenye majani ya migomba. Mkono wa kulia ulikuwa umefunguka wote sasa, mwekundu na umechubuka kati ya viganja viwili vya mzee, lakini hakuuachia. Alikuwa na miaka miwili ya kuuliza, na ndiyo kwanza amefika kwa mashemeji.